Tuwaache Wakwame Kidogo: Maoni Kuhusu Hesabu za Kidato cha Kwanza na cha Pili

Tuanze na swali. Waumini 1,128 wanakwenda hija Pugu, na kila basi linachukua watu 36. Yanahitajika mabasi mangapi? Ukigawanya unapata 31 na baki 12. Lakini wale 12 nao wamelipa nauli na wamefunga chakula chao, kwa hiyo mabasi ni 32.

Swali hili hatukulitunga sisi, tumebadilisha wasafiri tu. Lilitolewa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika upimaji wa kitaifa wa vijana wa miaka 13, nalo lilihusu wanajeshi. Karibu saba kati ya kumi waligawanya sawasawa. Walioandika 32 hawakufika robo. Wengi kuliko hao waliandika "31 baki 12", kana kwamba kuna basi linaloitwa Baki. Vijana hao walijua kugawanya. Kilichowashinda ni kuuliza jibu lao lina maana gani kwa mtu aliyesimama kituoni na begi lake.

Hapa kwetu kijana wa umri huo yuko darasa la saba au ndiyo anaingia kidato cha kwanza. Na sote tunajua habari zinazokuja mwishoni mwa safari yake. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, Hisabati ndiyo inayotutia aibu: kwa miaka mingi waliofaulu somo hilo hawajafika hata theluthi moja ya watahiniwa. Lawama huangukia kidato cha nne. Lakini yeyote kati yetu mafrateri aliyewahi kusimamia twisheni ya likizo parokiani anajua kwamba mambo huharibika mapema zaidi, kati ya siku ya kwanza ya kidato cha kwanza na upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Miaka hiyo miwili ndiyo mtoto anatoka kwenye hesabu za kuhesabu vitu na kuingia kwenye aljebra, ambako herufi inasimama badala ya namba asiyoijua bado. Akivuka salama, anaendelea. Asipovuka, anabaki na madaftari yaliyojaa kazi iliyonakiliwa ubaoni.

Maoni yetu ni kwamba watoto hawa hawakosi akili, wala hawakosi kanuni. Kanuni wanazo nyingi mno. Wanachokosa ni nafasi ya kukwama mbele ya swali na kuachwa hapo kwa muda, bila kuchekwa na bila kupewa njia mara moja.

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri wa kumbukumbu na hatuna ugomvi nao. Lakini mpe kijana anayeijua kwa moyo swali hili dogo: 10 − 3 + 2. Wapo watakaojumlisha kwanza 3 na 2, kwa sababu JU imetangulia TO, kisha watoe 5 kwenye 10 wapate 5. Jibu ni 9. Mtu mwenye shilingi kumi, akatumia tatu, kisha akaokota mbili, hawezi kubaki na tano, na mtoto huyohuyo ukimtuma dukani hatakubali kurudishiwa chenji ya namna hiyo. Darasani anakubali, kwa kuwa darasani amezoea kwamba kanuni ikisema, akili inanyamaza.

Au chukua kanuni ya "hamisha ng'ambo, badili alama". Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini 5 ikivuka alama ya sawasawa inageuka kuwa −5. Atakwambia mwalimu alisema. Kumbe hakuna kinachovuka. Mlinganyo ni kama mizani ya sokoni iliyotulia: ukipunguza mchele upande huu, punguza jiwe la kiasi hichohicho upande wa pili, mizani itatulia tena. Hilo linaelezwa kwa dakika tano. Asiyelielewa atalilipia miaka minne.

Shule ya msingi tulikuwa na jina zuri la maswali ya maelezo. Tuliyaita hesabu za mafumbo. Fumbo hufumbuliwa, na mzee anapolitega halafu watoto wakakosa, hakuna anayepigwa. Hebu tuone moja la aina hiyo: katika boma kuna kuku na mbuzi, vichwa 20, miguu 56. Kuku ni wangapi na mbuzi ni wangapi? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyefundishwa milinganyo ya pamoja atatafuta x na y, na mara nyingi atakwama kuziandika, ingawa ukimwandikia wewe atazitatua vizuri. Mwingine, pengine ambaye hana jina darasani, atasema hivi: tuseme wote ni kuku. Miguu ingekuwa 40. Lakini ipo 56, imezidi 16. Kila ukiondoa kuku ukaweka mbuzi, miguu inaongezeka miwili. Basi mbuzi ni 8, kuku 12.

Huyu wa pili amefanya hisabati ya kweli. Amejiwekea dhana, akaifuata mpaka ilipogongana na ukweli, akaitumia tofauti ile kupata njia. Sisi tunaosoma mantiki tunalipwa alama kwa kufanya jambo kama hilo katika Kilatini kibovu. Naye mara nyingi hatapata alama yoyote, kwa sababu "njia haikuonyeshwa".

Kuna uchunguzi mmoja wa Ufaransa ambao tunaupenda ingawa unachekesha kwa uchungu. Watafiti wa Grenoble, karibu na mwaka 1980, waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto walio wengi walijibu 36. Usiwacheke. Walikuwa wamejifunza vizuri sana tabia ya shule: ukipewa namba mbili, fanya nazo kitu, na swali la mwalimu haliwezi kukosa jibu. Mtoto anaileta tabia hiyo kidato cha kwanza, na sisi tukimkuta nayo tunaipalilia.

Tukifika kwenye lugha ndipo palipo na mtego wetu wenyewe. Mwezi Desemba mtoto anajua "Kigawe Kidogo cha Shirika", anaandika KDS na kuipata. Akianza kidato cha kwanza, jambo lilelile linaitwa LCM na linafundishwa kwa Kiingereza. Kipo kipindi cha mwanzo cha kumzoesha, nacho kinasaidia kidogo. Kwa kugawanya na kuzidisha, hasara si kubwa, kwa kuwa alama za hesabu ni zilezile kila mahali. Hasara iko kwenye mafumbo. Swali la kuku na mbuzi likiandikwa kwa Kiingereza kinachosema "each" na "altogether" na "twice as many", huwa mtihani wa Kiingereza kabla ya kuwa mtihani wa Hisabati. Mtoto anaziokota namba alizoziona na kuzijumlisha. Nahodha ana miaka 36.

Hatuandiki haya ili kufufua mjadala mzima wa lugha ya kufundishia, ambao una wazee wake. Tunasema jambo dogo zaidi. Mtihani na uwe wa Kiingereza kama sera inavyotaka, lakini kufikiri kabla ya kuandika kuruhusiwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi amweleze jirani yake swali kwa maneno yake mwenyewe, Kiswahili au hata Kihaya, kisha waandike kwa lugha ya mtihani. Shule zenye ubao wa "English only" mlangoni zitatusamehe. Mtu hawezi kutatua asichoweza kukisimulia.

Mtakatifu Augustino aliligusa jambo hili katika mazungumzo yake na mwanawe Adeodato, yale tunayoyasoma kwa jina la De Magistro. Anauliza kama maneno peke yake yanaweza kumfundisha mtu kitu, na jibu lake ni kwamba maneno ni ishara tu. Anayesikia hujifunza pale anapoutazama ukweli wenyewe ndani yake, na huko ndani mwalimu ni Kristo. Tukiitafakari hoja hiyo kwenye darasa la kidato cha kwanza tunapata kitu cha vitendo kabisa: mwalimu akimaliza kusema, kazi haijaisha. Mtoto anahitaji kimya cha kuliona jambo mwenyewe. Vipindi vyetu vya dakika 40 havina kimya hicho. Mwalimu anaeleza kwa dakika 15, anatoa mfano kwa 10, anatoa zoezi la maswali 10 linalofanana na mfano, kengele inalia.

Kabla ya Augustino, Plato katika Menon alituonyesha Sokrates akimfundisha kijana mtumwa asiyesoma. Kuna mraba wenye upande wa futi mbili, eneo lake ni nne. Upande wa mraba wenye eneo mara mbili yake ni upi? Kijana anajibu haraka: futi nne. Wanachora, eneo linakuwa 16. Basi tatu. Wanachora, linakuwa 9. Anakiri kwamba hajui. Hapo Sokrates anamgeukia Menon na kumuuliza kama kijana amedhurika kwa kufa ganzi namna hii. Hajadhurika, maana sasa anataka kujua, na mwanzoni alidhani anajua. Kisha unachorwa ulalo wa mraba wa kwanza, na mraba unaosimama juu ya ulalo huo una eneo la 8.

Wengi wetu husoma kifungu hicho kwa ajili ya nadharia ya roho kukumbuka, tunaijibu nadharia, tunafaulu, tunakipita. Tungependa kukaa kidogo kwenye ile ganzi. Makosa mawili ya kijana hayakufutwa kwa ufutio. Yalichorwa mavumbini, yakapimwa, na yeye mwenyewe akaona kwa nini hayafai. Kosa la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza, kwa sababu 9 iko karibu na 8 kuliko 16. Je, ni mwalimu gani wa kidato cha pili anayepewa muda wa kusema, "Kosa lako la leo ni bora kuliko la jana"? Na ni nyumba gani ya Kikristo inayosema hivyo?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakukubali kwamba kujifunza ni kukumbuka. Katika swali la 11 la De Veritate anasema mtu hupata maarifa kwa njia mbili: kwa kugundua mwenyewe na kwa kufundishwa, na anayefundisha vizuri humwongoza mwanafunzi kwa njia ileile ambayo angeipitia kama angegundua peke yake. Anamfananisha mwalimu na tabibu, ambaye dawa yake huisaidia nguvu ya kupona iliyomo mwilini mwa mgonjwa. Kwa mantiki hiyo, mwalimu anayeandika ubaoni suluhisho lililonyooka tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuonyesha pale yeye mwenyewe alipojaribu njia ikakataa, amempa mgonjwa cheti cha kupona.

Kuna watakaotujibu, na wana haki, kwamba mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha hawezi kugundua chochote. Ni kweli. Jedwali likaririwe, tena mapema, na kwa kuimba kama ilivyokuwa zamani. Hata utafiti uko upande wao kwa sehemu: John Sweller wa Australia, tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba anayeanza somo jipya hulemewa haraka akiachiwa maswali magumu peke yake, na kwamba hufaidika zaidi akisoma kwanza mifano iliyotatuliwa. Kwa hiyo hatusemi watoto watupwe kisimani wajifunze kuogelea. Mfano utatuliwe, lakini usimamishwe kila mstari kwa swali la "kwa nini". Kisha swali la pili lisifanane na mfano. Darasa likipewa maswali kumi yanayofuata mfano mmoja, swali la kwanza tu ndilo la hesabu. Yale tisa ni mwandiko.

György Pólya, mwanahisabati wa Hungaria, alitoa mwaka 1945 kitabu kidogo kuhusu namna ya kutatua swali, na hatua zake nne zimeenea duniani kote: lielewe swali, panga njia, itekeleze, kisha rudi ulitazame jibu. Shule zetu hufundisha hatua ya tatu. Ya nne imesahaulika kabisa, nayo ndiyo iliyowaponza vijana wa mabasi. Kwetu sisi tulioko kwenye malezi haipaswi kuwa ngeni. Kila usiku tunatahini dhamiri kabla ya Sala ya Mwisho, kurudi na kuuliza "nilichofanya kina maana?" ni tabia ileile, na pengine inaweza kupandwa kwa mtoto kupitia aljebra kabla hajaifahamu kwa njia ya roho.

Walimu hatuwalaumu. Mwenye darasa lililofurika na silabasi ya kumaliza kabla ya Oktoba anafanya anachoweza, na akithubutu kukaa kipindi kizima kwenye swali moja atakaguliwa na kuambiwa amebaki nyuma. Fimbo ndiyo tunayoilaumu. Mtoto anayechapwa kwa jibu lisilo sahihi hujifunza mara moja kwamba ni salama zaidi kuacha nafasi wazi, na hakuna ustadi wa kutatua swali unaoota kwenye nafasi wazi.

Sasa tuseme lile ambalo pengine halitapendwa. Shule zetu za Kanisa hufanya vizuri kwenye matokeo ya taifa, na tunajivunia. Lakini wazazi wanajua kwamba katika baadhi yake kuna mchujo: mtoto asiyefikisha wastani fulani kidato cha kwanza au cha pili hukaririshwa darasa au huambiwa atafute shule nyingine, na somo linalomshusha wastani mara nyingi ni Hisabati. Sababu inajulikana. Wastani wa shule unalindwa ili mwaka ujao wazazi waje. Tunauelewa mzigo wa kuendesha shule kwa ada. Mishahara hailipwi kwa sala. Hata hivyo, mchujo huo unafundisha wanafunzi wote, pamoja na wanaobaki, kwamba kukwama ni kosa la kufukuzwa nalo. Anayebaki atakariri kwa bidii zaidi. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, Gravissimum Educationis la mwaka 1965, linapozungumzia shule za Kikatoliki linawaweka mbele walio maskini na wale wasio na msaada wa familia. Katika darasa la kidato cha pili, huyo ni mtoto ambaye hana wa kumuuliza nyumbani, na hesabu zimempita. Shule ya Kanisa inayomtoa huyo ili grafu ipande inapaswa kueleza inatofautiana vipi na shule ya mfanyabiashara yeyote.

Inawezekana kuanza mahali bila kusubiri sera. Likizo ya Desemba mafrateri hurudi majimboni, na parokia nyingi hutuomba tufundishe twisheni. Tumezoea kurudia silabasi kwa kasi, mada kumi kwa wiki tatu, na mtihani mwishoni wenye zawadi kwa wa kwanza mpaka wa tatu. Tunapendekeza, na baadhi yetu tumekubaliana kujaribu mwaka huu, vikao vya saa moja na nusu vyenye fumbo moja au mawili tu. Watoto wakae wannewanne, wazungumze Kiswahili, waruhusiwe kuchora kuku. Anayepata jibu asilitangaze. Aeleze alianzia wapi. Kundi lililokosea kwa njia ya kuvutia lipewe ubao kwanza. Dakika 15 za mwisho ziandikwe kwa Kiingereza, ili mtihani usije ukawakuta wageni.

Wazazi watalalamika kwamba madaftari hayajai. Wengine wametuambia tayari kwamba wanalipa mchango wa chaki na wanataka kuona kazi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo watusaidie kuwaeleza mapema, kabla ya Majilio, na tunawaomba maparoko wasidai orodha ya nafasi mwishoni mwa likizo. Madawati ya katekesi yanatosha. Maswali ya kuanzia tumeshakusanya kama thelathini, lile la mabasi ya Pugu likiwa la kwanza, na frateri yeyote anayeyahitaji kwa ajili ya kigango chake atuandikie kupitia gazeti hili, akisema ana watoto wangapi na wa kidato gani.